Bi Kimya na Programu Iliyosema Sana

Bi Kimya alikuwa mwanamke wa maneno machache kiasi kwamba wenzake wa idara ya maji waliwekeana dau la soda: siku atakayosema sentensi yenye maneno zaidi ya sita, mtu atanunua kreti nzima. Ukimwuliza habari za asubuhi, nzuri. Za nyumbani, nzuri. Siku upepo ulipoezua bati tatu za paa lake aliulizwa habari za nyumbani, akasema nzuri, akafikiri kidogo, kisha akaongeza: "Ina hewa."

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, ila kile kitambulisho kilipenda kugeuka kinyume, kwa hiyo miaka kumi na mmoja watu walikuwa wakisalimiana na mgongo wake mweupe wa plastiki. Bi Kimya likatosha.

Kazi yake ilikuwa mgao. Maji ya mji ule hayakuwahi kutosha mitaa yote kwa siku moja, na kila asubuhi lazima mtu aamue nani afunguliwe na nani abaki na ndoo zake. Zamani uamuzi huo ulifanywa na wanaume wanne, ramani moja iliyochanika na ugomvi. Bi Kimya akawaokoa na ramani yao. Aliandika programu kwa lugha ya skripti, ile ya kuandika amri mstari kwa mstari, na kompyuta ikazisoma kutoka juu kwenda chini kama tarishi anayesoma barua isiyomhusu. Programu ilipima kina cha matangi, ikaangalia zamu ni ya nani, kisha ikatuma ujumbe kwenye simu za mafundi wa mabomba: fungua mtaa huu, funga ule. Saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, hata sikukuu.

Lakini programu ina tabia moja mbaya waliyonayo pia waume wengi: ikikosea, haifungui mdomo. Inasimama tu. Ndiyo maana fundi wa programu hupachika ndani yake mistari ya kujieleza: nimefika hapa, nimeona hiki, nimekwama pale. Mafundi huiita debagi. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kelele hizo kila asubuhi, fundi huweka swichi moja juu kabisa. Kwa Bi Kimya swichi ilikuwa mstari wa tatu: SEMA = 0. Sifuri ikibaki sifuri, programu inafanya kazi mdomo umefungwa. Ukiifuta sifuri ukaandika moja, inaanza kupayuka.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri. Maneno yote ambayo Bi Kimya hakuyasema kwa miaka kumi na mmoja aliyahamishia mle ndani. Fundi mwingine angeandika "hatua ya kwanza imekamilika." Yeye aliandika: "Nimeamka. Sijanywa chochote lakini nimeamka." Tangi likiwa chini: "Asilimia thelathini na nane. Msinitazame mimi." Mtaa wa tatu ukinyimwa: "Mlioga jana, leo jipakeni mafuta." Aliamini, na sidhani kama alikosea, kwamba ujumbe unaochosha hausomwi, na usiposomwa kosa linaota mizizi.

Aliyeijua siri hiyo ni mtu mmoja tu, mume wa mdogo wake.

Shemeji huyu alikuwa na meno mazuri na vyeti viwili vya kozi za wiki mbili. Mdogo wake Bi Kimya alipolia kwamba mume anakaa nyumbani anahesabu mbao za dari, Bi Kimya alikwenda kwa afisa utumishi na kutamka, kwa mara ya kwanza, sentensi nne mfululizo. Shemeji akaajiriwa. Bi Kimya akamfundisha kila kitu, kuanzia jinsi ya kukaa kwenye kiti. Kwa miaka mitatu walikula chakula cha mchana pamoja mbele ya skrini moja, na shemeji, aliyekuwa na ulimi wa kutosha watu wawili, akaanza kuchangia jumbe za kwake.

"Shem, sogea. Nina moja."

Aliandika: "Namba ya tangi haijafika. Imekwama njiani kama hotuba ya Mkurugenzi."

Bi Kimya alicheka mpaka akatoa leso. Alikuwa na kicheko cha ajabu, cha pumzi tupu, kama pampu isiyo na maji.

Ujumbe waliocheka nao zaidi ulihusu mtaa wa saba. Mtaa wa saba haukufungwa kamwe. Mkurugenzi alikuwa anaishi huko, na siku moja alisimama mlangoni pa kitengo, akakohoa, akasema mtaa ule una "umuhimu wa kimkakati." Hakuandika barua. Bi Kimya aliuweka umuhimu huo kwenye mstari wa arobaini: mtaa ukiwa wa saba, usifunge. Chini yake akapachika ujumbe: "Mtaa wa saba haufungwi. Msiulize. Bosi anaoga." Shemeji akaongeza wa kwake: "Anaoga tena. Huyu ni binadamu au ni kiboko?"

Mwisho wa yote zilikuwa jumbe thelathini na moja. Kumi na saba za Bi Kimya, kumi na nne za shemeji, na za shemeji ndizo zilizokuwa na pilipili.

Sasa, Bi Kimya alikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo. Kaimu ni mtu anayefanya kazi yote na kukalia nusu ya kiti. Alikalia nusu hiyo kwa miaka sita. Hakulalamika, lakini mdogo wake aliwahi kumkuta nyumbani ameandika kwenye karatasi "Mkuu wa Kitengo" mara nane, kwa mwandiko tofauti, kama msichana anayejaribu jina la mchumba. Mwaka huo barua ikaja: bodi ya idara itatembelea kitengo siku ya Alhamisi, itazame programu ikifanya kazi, na ikiridhika, nafasi itajazwa. Hatimaye lile neno "kaimu" lingeng'olewa.

Mpango wa Bi Kimya ulikuwa yeye akae kwenye kompyuta na shemeji azungumze. Shemeji akakataa kwa upendo mkubwa.

"Hapana, shem. Leo ni siku yako. Simama wewe mbele wakuone. Mimi nitabonyeza tu."

"Nitasema nini?"

"Sema ulivyozoea. Kidogo. Wataona ni busara."

Asubuhi ya Alhamisi Bi Kimya alifungua faili mwenyewe. Mstari wa tatu: sifuri. Akafunga. Akafungua tena kuhakikisha. Sifuri. Akapaka mafuta ya midomo, akaingia ukumbini.

Wajumbe wa bodi walikuwa saba, kila mmoja na chupa yake ya maji, maana hata bodi ya maji haikuyaamini ya bombani. Mkurugenzi alikaa katikati, mikono juu ya tumbo. Bi Kimya alisimama mbele akiwapa mgongo shemeji, kompyuta na ukuta mweupe uliokuwa ukimulikwa. Akaanza. Kwa kipimo chake alihutubia: maneno kama arobaini, yote sahihi. Kisha akasema, "Tuiendeshe," na nyuma yake vidole vya shemeji vikasikika vikigonga.

Alijua kuna kitu kwa kuangalia nyuso zao. Macho ya wote saba yalipanda ukutani, yakaanza kusoma. Mama mmoja wa bodi alicheka, akawahi kukigeuza kicheko kikohozi. Bi Kimya aligeuka. Ukutani, kwa herufi za ukubwa wa ngumi, programu ilikuwa ikisema: Nimeamka. Sijanywa chochote lakini nimeamka.

Mistari ikashuka mmoja mmoja, bila haraka. Mlioga jana, leo jipakeni mafuta. Halafu: Mtaa wa saba haufungwi. Msiulize. Bosi anaoga.

Feni ya dari ilisikika ikijikuna. Ningependa kuwaambia kwamba mjumbe mmoja, hata yule mama mwenye kikohozi, aliuliza kwa nini mtaa mmoja haufungwi wakati mji mzima unapanga ndoo. Hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti wa bodi alivua miwani na kuuliza swali aliloliona la msingi.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi," alisema Bi Kimya.

Kwenye korido shemeji alimfuata akiwa amejishika kichwa.

"Shem, mkono umeteleza. Naapa. Nilikuwa natetemeka kwa ajili yako, mkono ukateleza."

Bi Kimya alimtazama. Alitaka kuamini, na mtu anayetaka kuamini ni rahisi kumridhisha. Alimpiga piga begani. Yeye ndiye aliyembembeleza shemeji, tafadhali lieleweni hilo. Alimwambia akale.

Ijumaa alipewa barua ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu Jumatano ijayo. Alirudi mezani kwake, akaifungua faili ili azifute jumbe, na akiwa na kidole juu ya kitufe akaanza kujiuliza kuhusu ule mkono. Ili kuwasha debagi, mkono lazima ufungue faili, ushuke mstari wa tatu, ufute sifuri, uandike moja, uhifadhi, kisha uendeshe. Huo si mkono ulioteleza. Huo ni mkono uliosafiri.

Kisha akaona jambo jingine, na hili lilimkalisha. Ukutani alikuwa amesoma jumbe kumi na saba. Hotuba ya Mkurugenzi haikuwamo. Kiboko hakuwamo. Alishuka ndani ya faili taratibu. Jumbe za shemeji zilikuwepo, zote kumi na nne, lakini mbele ya kila mmoja ilikuwa imewekwa alama ya reli. Katika lugha ile, mstari wenye alama ya reli mbele yake ni mstari uliozibwa mdomo: umeandikwa, ila kompyuta inaupita kama haukuandikwa. Moja moja, kwa uangalifu. Hakuna wa shemeji uliosahauliwa, hakuna wa Bi Kimya uliozibwa kwa bahati mbaya. Shemeji hakuwahi kufanya kazi nadhifu kama ile.

Kompyuta ya kitengo ilihifadhi nakala ya faili kila siku saa sita mchana. Akafungua nakala ya Jumapili: jumbe zote thelathini na moja hai. Ya Jumatatu: kumi na nne zimezibwa. Na Jumatatu asubuhi Bi Kimya hakuwa ofisini. Alikuwa kwa daktari wa meno, amemshika mkono mtoto wa shemeji, kwa sababu shemeji alimpigia simu na kusema, "Nisaidie shem, leo nimebanwa na kazi mpaka kooni."

Alizichapa nakala hizo mbili, kurasa nne. Alizikunja mara mbili, akazitia kwenye mkoba, akaenda kwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa anakunja nguo kitandani. Bi Kimya alizitandaza kurasa juu ya mashuka, akaonyesha alama za reli kwa kidole, akaeleza. Alitegemea mdogo wake apige mayowe. Mdogo wake aliendelea kukunja soksi.

"Ulijua," alisema Bi Kimya.

"Dada, sikujua kama ingekuwa mbele ya watu vile. Aliniambia watakupumzisha tu kidogo."

"Kidogo."

"Wewe huna watoto, dada. Mshahara wako unatosha na unabaki. Yeye ana watoto watatu, na kila siku anaambiwa yeye ni mkia wako. Mwanamume ataishi vipi akiwa mkia wa shemeji yake?"

"Nilimwombea kazi kwa sababu ulilia."

"Najua. Na sasa nalia tena. Usizipeleke karatasi hizo kwenye kamati. Wakimfukuza, mimi na watoto tunakula nini?"

Hakuwa analia. Bi Kimya aliligundua hilo akiwa tayari ameanza kumhurumia. Mlangoni alitokea yule mtoto wa jino, akafungua mdomo mpaka mwisho kumwonyesha mama mkubwa jinsi pengo linavyoendelea vizuri. Bi Kimya alilitazama pengo, akasema limependeza, akakusanya kurasa zake. Siku nne alizitembeza ndani ya mkoba. Jumanne aliziweka kwenye droo na kuifunga. Jumatano asubuhi akaifungua droo.

Kamati ya nidhamu ilikuwa na watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa Mkurugenzi, kwa hiyo mlalamikaji na hakimu walikaa kwenye kiti kimoja, jambo lililookoa sana muda. Shemeji aliitwa kama shahidi. Alisema kwa masikitiko kwamba alikuwa amemwonya shemeji yake mara nyingi.

Bi Kimya aliziweka kurasa mezani. Alieleza yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, nani aliandika nini, nakala ya Jumapili na ya Jumatatu. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na nje ya mlango kuna watu waliokuwa wakidaiwa kreti ya soda. Shemeji alitazama viatu vyake. Katibu wa kamati aliivuta karatasi karibu na macho.

"Hii alama ya reli ni nini?"

"Ni mstari ulionyamazishwa."

"Kwa hiyo huu wa... kiboko. Hauonekani ukutani?"

"Hauonekani. Lakini umeandikwa. Si huo unausoma?"

Katibu alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi aliusoma ule wa kiboko, akausoma tena, na kwa muda mfupi ilionekana kama ukweli unakaribia kutoka. Kisha akawaza, nadhani, jinsi mstari huo utakavyoonekana kwenye muhtasari wa kikao, umeandikwa kwa mashine, umepigwa muhuri, nakala kwa wajumbe wote saba wa bodi.

"Kisichoonekana hakipo," alisema. "Kamati inashughulikia yaliyoonekana."

"Na aliyewasha?"

"Mkono uliteleza. Ameshatueleza."

"Na mtaa wa saba?"

"Hilo halimo kwenye ajenda."

Uamuzi ulisomwa kabla chai haijapoa. Bi Kimya alihamishiwa stoo ya mita. Shemeji akapewa kitengo chote, bila kaimu, kwa sababu bodi ilitaka utulivu. Walipotoka nje ya chumba kile shemeji alimsogelea Bi Kimya, akafungua mikono kama mtu wa msibani.

"Shem, tusiruhusu kazi iingie kwenye familia."

Bi Kimya alipita katikati ya ile mikono, wala hakuigusa.

Stoo ya mita ni chumba kirefu chenye rafu za chuma, harufu ya shaba, dirisha moja na kaunta yenye shimo la kupitishia fomu. Mita mpya huingia upande huu, za zamani huingia upande ule, na katikati yupo mtu. Mdogo wake alituma salamu mara mbili, na mara ya tatu akamtuma mtoto na bakuli la chakula. Bi Kimya alimlisha mtoto chakula kile, akaliosha bakuli, akalirudisha tupu. Watu waliokuja kuchukua mita walisema amezidi kunyamaza, jambo ambalo hapo awali lilidhaniwa haliwezekani.

Mwezi wa tatu tangu ahamie stoo, siku moja saa nne asubuhi, shemeji alitokea upande wa pili wa kaunta. Shati lilikuwa limelowa kwapani. Mgao ulikuwa umesimama siku mbili. Programu ilikuwa inaanza, inafanya kazi muda mrefu, haimalizi. Mafundi wa mabomba hawakutumiwa ujumbe wowote wa kufungua, na mji mzima haukuwa na tone, isipokuwa mtaa mmoja.

"Shem, nisaidie. Sioni inakwama wapi."

"Washa debagi, usome."

"Nilizifuta zote. Mkurugenzi alitaka faili safi."

Bi Kimya aliweka chini mita aliyokuwa akiipangusa. Hakuhitaji faili. Alikuwa nayo kichwani.

"Tangi limeshuka chini ya asilimia kumi?"

"Limeshuka. Kiangazi hiki..."

"Kwa hesabu ya faili ya zamani, mstari wa hamsini na mbili unasema tangi likishuka hapo, funga mitaa yote ndipo uendelee. Mstari wa arobaini unasema mtaa wa saba usifungwe. Kwa hiyo inasubiri mitaa yote ifungwe, na mmoja haufungwi. Itasubiri mpaka mvua. Futa mstari wa arobaini."

Alimweleza hivyo, wazi, bila hila, kama alivyokuwa akimweleza mbele ya skrini moja wakati wa chakula cha mchana. Shemeji alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa yamekuwa membamba.

"Nifute mtaa wa Mkurugenzi?"

"Ndiyo."

"Halafu wewe uende kumwambia nimefuta."

Bi Kimya aliichukua tena mita yake, akaendelea kuipangusa.

"Unanitega, shem. Najua unanitega. Mtu yeyote angefanya hivyo."

Miaka mitatu ya kumfundisha, na hakuwahi kumdanganya hata juu ya koma. Alimtazama kama mtu anayesoma faili ya mwingine na kukuta haina maelezo popote. Nje, ng'ambo ya dirisha, wanawake watatu walipita na ndoo tupu wakimtukana mtu kwa cheo chake, na cheo hicho kilikuwa cha shemeji.

"Hapa sina shemeji, Mkuu," alisema Bi Kimya. "Hapa ni stoo. Unataka mita?"

"Sitaki mita, mimi nataka..."

Alimsukumia fomu kupitia lile shimo la kaunta, na kalamu juu yake.

"Jaza. Sehemu ya sababu, andika kwa herufi kubwa."

Akageukia rafu zake. Shemeji alibaki amesimama pale, na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akaichukua kalamu.